Namna ya Kusoma Riwaya za Vijana za Miungu ya Skandinavia Ukiwa Mtu Mzima

Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, kubali kwamba mwisho unajulikana. Odin, mkuu wa miungu, atamezwa na mbwa mwitu Fenrir. Thor ataliua joka la baharini, atapiga hatua tisa, kisha ataanguka kwa sumu ya joka hilo. Heimdall na Loki watauana. Yote hayo yapo kwenye maandishi tangu karne ya 13, na mwandishi yeyote wa riwaya za vijana anayechota humo anajua kwamba na wewe unaweza ukawa unayajua. Kijana wa miaka kumi na mbili husoma ili aone kama dunia itaokoka. Mtu mzima akisoma kwa shauku hiyohiyo atachoka kabla ya ukurasa wa mia, kwa sababu ameshabashiri. Soma kama wanavyosikiliza watu wa utenzi: Liongo atachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, hilo halimshangazi mtu, kinachosubiriwa ni namna huyo mwana atakavyoshawishiwa. Kwenye riwaya hizi utamu uko palepale, kwenye kile mwandishi alichokichukua, alichokigeuza, na alichokikata.

Ili uuone mgeuzo, lazima ujue kilichogeuzwa. Ndiyo maana maandalizi yanachukua nafasi kubwa hapa kuliko usomaji wenyewe.

Kuchagua kitabu

Riwaya hizi zimegawanyika makundi matatu, na kosa la kwanza la wengi ni kuchukua kundi lisilowafaa halafu kulaumu fani nzima.

Kundi la kwanza huwaleta miungu mjini, leo hii. Mfano unaopatikana kirahisi zaidi ni mfululizo wa Magnus Chase wa Rick Riordan: The Sword of Summer (2015), The Hammer of Thor (2016) na The Ship of the Dead (2017). Mhusika ana miaka 16, analala mitaani Boston, anakufa mapema kabisa, na anaamkia Valhalla, makao ya mashujaa waliokufa vitani, ambayo sasa ni hoteli. Kitabu cha kwanza kina kurasa zipatazo 500 lakini kimekatwakatwa kwenye sura zaidi ya 70, yaani wastani wa kurasa saba kwa sura. Sura moja au mbili zinaisha kabla mwendokasi ya Kimara haijafika Kivukoni, hata kama umesimama. Utani ni mwingi mno. Kama huvumilii kijana anayefanya mzaha huku upanga uko shingoni, usianzie hapa.

Kundi la pili linabaki zama za Waviking. The Sea of Trolls ya Nancy Farmer (2004) inaanzia mwaka 793, mwaka ambao monasteri ya Lindisfarne ilivamiwa, na inampeleka mvulana wa miaka 11 hadi nchi ya majitu. Mwendo wake ni wa taratibu, na baridi yake utaihisi.

Kundi la tatu linaanza baada ya maangamizi. Runemarks ya Joanne Harris (2007) imewekwa miaka 500 baada ya Ragnarok, yaani vita vya mwisho vya miungu, wakati utawala mpya unawawinda waliobaki na kuogopa kila mwenye alama ya runi (herufi za kale za Skandinavia) mwilini. Kwa mtu mzima asiyependa vichekesho vya shuleni, hiki ndicho tunachokipendekeza kwanza.

Shoka na meli kwenye jalada si ushahidi wa visasili. Riwaya nyingi za aina hiyo ni mapenzi na vita vya koo, miungu inatajwa tu kwenye viapo. Fungua kurasa za mwisho: kama kuna faharasa ya majina na istilahi, mwandishi amekusudia visasili kweli. Angalia pia kundi la umri. Wachapishaji hutenganisha vitabu vya miaka 8 hadi 12 na vile vya 12 kwenda juu. Vya Riordan viko mpakani, na lugha yake ni nyepesi kuliko unene wa kitabu unavyotisha.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini. Itasaidia kujua kwamba kwenye mfululizo wa Magnus Chase yupo Samirah al-Abbas, valkiria (mjumbe wa Odin anayewachukua mashujaa waliokufa) Mwislamu anayevaa hijabu, anayeswali, na ambaye katika kitabu cha tatu anafunga Ramadhani katikati ya safari ya baharini. Anamfanyia Odin kazi bila kumwabudu, na suala hilo linajadiliwa waziwazi ndani ya riwaya. Kwa msomaji wa Dar huenda huyu ndiye mhusika aliye karibu naye kuliko wote.

Visa sita kabla ya riwaya

Usianze na riwaya, na usianze na Edda nzima, yaani vitabu vya kale vinavyohifadhi visa hivi. Anza na visa sita: kuumbwa kwa dunia kutokana na mwili wa jitu Ymir; nywele za Sif, mke wa Thor, na hazina za vibeti; kufungwa kwa Fenrir; kuibiwa kwa nyundo ya Thor; kifo cha Baldr; na Ragnarok. Ukivishika hivi, sehemu kubwa ya madokezo kwenye riwaya yoyote ya fani hii utayatambua.

Vyanzo ni viwili, vyote vya Iceland. Kimoja ni Edda ya Snorri Sturluson, iliyoandikwa karibu mwaka 1220. Kingine ni Edda ya Mashairi, ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa kwenye hati moja ya karne ya 13 iitwayo Codex Regius. Iceland ilipokea Ukristo karibu mwaka 1000, kwa hiyo Snorri alikuwa Mkristo akiandika visa vya mababu miaka mia mbili baadaye. Zingatia hilo kila unapotaka kumlaumu mwandishi wa leo kwa “kuharibu” kisa. Hata Snorri alikuwa anapanga, anapunguza na kuziba mapengo.

Edda ya Snorri ina sehemu nne, na watu wengi hukwama kwa sababu wanaianza mwanzo. Utangulizi wake unadai kwamba miungu walikuwa binadamu waliotoka Troy. Uruke. Nenda moja kwa moja Gylfaginning, ambamo mfalme Gylfi anajibadili sura na kuwahoji watawala watatu walioketi viti vitatu. Ni maswali na majibu matupu, jioni mbili au tatu zinatosha, na humo utapata uumbaji, Fenrir, Baldr na Ragnarok. Kutoka Skáldskaparmál chukua visa tu, hasa cha nywele za Sif. Sehemu ya mwisho, Háttatal, ni maonyesho ya bahari za mashairi. Mpenzi wa arudhi ataifurahia siku nyingine.

Kisa cha nyundo kiko kwenye shairi Þrymskviða, lenye beti thelathini na kidogo tu. Jitu Thrym ameiba nyundo na anamtaka mungu wa kike Freyja awe mkewe ndipo airudishe. Thor anavalishwa kama bibi harusi na kupelekwa. Mezani bibi harusi anamaliza ng'ombe mzima, samoni wanane na vyombo vitatu vya pombe ya asali, na Loki, aliyejifanya mpambe, anaeleza kwamba mwali hajala siku nane kwa hamu ya kufika. Yeyote aliyewahi kukaa ukumbini akasikia wageni wanavyohesabu matonge ya bibi harusi ataelewa kwa nini shairi hili limedumu. Lisome kwa sauti.

Kwenye kisa cha Fenrir, shika orodha ya vitu sita vilivyotengeneza kamba Gleipnir: sauti ya nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Waandishi wanaipenda mno na huiingiza kama kitendawili. Kwenye kisa cha hazina, shika kwamba mpini wa nyundo ni mfupi kwa sababu Loki aligeuka nzi akamuuma kibeti aliyekuwa akivuta mivukuto. Ukikuta utani juu ya mpini mfupi, umeshajua ulikotoka.

Kuhusu tafsiri: zile za bure za zamani, kama ya Brodeur (1916) kwa Snorri na ya Bellows (1923) kwa mashairi, zina Kiingereza cha kikale kinachochosha. Kwa Snorri tafuta ya Anthony Faulkes, ambayo Viking Society for Northern Research ya London imeiweka bure mtandaoni. Kwa mashairi, ya Carolyne Larrington, toleo la 2014, inasomeka vizuri na maelezo yake yanatosha.

Kadi ya majina

Kunja nusu karatasi ya A4 mara mbili uifanye alama ya kurasa. Upande mmoja andika wazazi na watoto, upande wa pili vitu na wenyewe. Usizidishe majina ishirini. Nasaba ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu riwaya za vijana za aina hii karibu zote zinasimama juu ya swali la mtoto kumjua mzazi wake.

Anza na Loki. Kwa jike la jitu aitwaye Angrboda alipata watatu: mbwa mwitu Fenrir, joka Jörmungandr na Hel. Farasi Sleipnir mwenye miguu minane ni mwanawe pia, lakini huyo Loki alimzaa mwenyewe, akiwa amegeuka farasi jike. Andika hivyohivyo, utakuja kuhitaji. Kisha Odin, na wanawe Thor, Baldr, Höðr, Víðarr na Váli.

Mitego ya majina iko mahali pachache tu. Frey na Freyja ni kaka na dada. Frigg ni mke wa Odin, si Freyja. Hel ni mtu na ni mahali. Útgarða-Loki si Loki. Ni jitu jingine kabisa, lile lililomdanganya Thor kwenye mashindano. Na Baldr, Balder na Baldur ni mtu yuleyule, tofauti ni irabu tu kabla ya ile r ya mwisho, ambayo kila mfasiri anaiongeza au kuiacha atakavyo.

Odin ndiye msumbufu, maana ana majina kwa makumi na hujibadili sura. Kanuni ni rahisi: akitokea mzee mwenye jicho moja, kofia pana na joho, mwenye kujua asichopaswa kujua, weka alama ya penseli hapo hata kama mwandishi hajasema kitu. Kunguru wawili wakitua karibu, hakuna tena mjadala. Wakazi wa Dar wanaowajua kunguru kwa wizi wa samaki hawatashangaa kwamba Odin aliwachagua wao kumkusanyia habari.

Matamshi yasikuumize kichwa. Mswahili anaanza na faida. Herufi þ ni th ya thamani na ð ni dh ya dhahabu, sauti ambazo wasomaji wa mataifa mengi wanazihangaikia. Óðinn ni Odhin. Herufi j inasomwa y, hivyo Mjölnir, nyundo ya Thor, ni Myolnir na Jötunn, yaani jitu, ni Yotun. Tofauti kubwa ni mkazo, ambao huangukia silabi ya kwanza badala ya ile ya pili kutoka mwisho.

Kusoma kwenyewe

Soma kurasa 60 za kwanza bila kusimama, bila penseli. Hapo ndipo unapoamua. Sauti ya msimuliaji ikikukera kufikia hapo itakukera hadi mwisho, maana riwaya nyingi za vijana husimuliwa kwa nafsi ya kwanza na sauti hiyo haibadiliki. Acha kitabu, chukua cha kundi jingine.

Ukiendelea, kurasa 30 kwa siku zinamaliza kitabu cha kurasa 500 ndani ya siku 17. Usipungue kurasa 15 kwa siku, si kwa sababu ya nidhamu, bali majina yatakutoka na utarudi nyuma kila mara. Pembeni tumia alama nne: K kwa alichokichukua kama kilivyo, G kwa alichokigeuza, O kwa alichokiongeza, na X pale unapoona amekikata kitu ulichokitegemea. Hakuna kuandika maelezo. Na usiingie kwenye simu kutafuta jina katikati ya sura: ukurasa wa kwanza utakaofunguka aidha utakuambia mhusika anavyokufa, au utakuletea picha za sinema.

Gawa kitabu mara tatu, na mwisho wa kila theluthi rudi kwenye alama za G peke yake. Hapa ndipo mtu mzima anapopata kitu ambacho kijana hakipati. Chukua The Hammer of Thor. Kisa chake kinatoka kwenye lile shairi la harusi, lakini safari hii anayetakiwa kuolewa na Thrym ni Samirah, na anayemwoza ni baba yake, Loki. Ule mzaha wa mwanamume ndani ya shela umegeuka kuwa swali la mamlaka ya mzazi juu ya binti. Kijana atasoma ili ajue kama atatoroka. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha posa, upande wowote, atasoma kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo kwenye usomaji wa pili (hata wa kurukaruka) wafuate wazazi. Riwaya za vijana huwaondoa watu wazima ili watoto wapate nafasi: wamekufa, wamesafiri, au hawaaminiki. Visasili hivi vimejaa wazazi wa namna hiyo tayari. Odin alitoa jicho ili apate maarifa, na maarifa hayo hayakumwokoa Baldr. Frigg alichukua kiapo cha kila kitu duniani kisimdhuru mwanawe, akaacha mmea mmoja mdogo kwa kuuona mchanga mno. Mungu Tyr alikubali kuweka mkono kinywani mwa mbwa mwitu ambaye yeye peke yake ndiye aliyethubutu kumlisha, ili mbwa huyo ahadaike na kufungwa. Angalia mwandishi wako amemfanya nani kati ya hawa awe mwenye hatia. Hapo ndipo msimamo wake ulipo, kuliko kwenye hotuba za mwishoni.

Yanayoharibika, na sababu zake

Tatizo kubwa ni sinema. Kwenye filamu za Marvel, Loki ni ndugu wa kulelewa wa Thor, na Hela ni binti wa Odin. Kwenye Edda, Loki aliapiana undugu wa damu na Odin, si Thor, na Hel ni binti wa Loki. Thor wa kale ana ndevu nyekundu, ni mlafi na mwepesi wa hasira. Msomaji aliyejaa sinema huona riwaya “imekosea” pale ilipo sahihi, na asione kitu pale ilipogeuza kweli.

La pili ni zile dunia tisa ambazo visa hivi vinasema zimeshikwa na mti mkuu Yggdrasil. Mashairi yanazitaja kwa idadi, lakini hakuna chanzo cha kale kinachotoa orodha kamili. Kila mwandishi anajipangia. Ramani ya mti Yggdrasil ya kitabu kimoja usiihamishie kwenye kingine.

La tatu ni mapambo ya uongo. Kofia za chuma zenye pembe ni za jukwaa la opera ya Wagner, mtunzi Mjerumani, 1876. Alama ya dira iitwayo vegvísir, inayochorwa tatuu kila mahali, inatoka kwenye hati ya Iceland ya karne ya 19. Runi nazo si seti moja: ya zamani ina herufi 24, ile ya zama za Waviking ina 16, na waandishi wengi wa fantasia wanatumia ile ya 24 kwa sababu inafaa zaidi kwa uchawi. Hilo si kosa kubwa. Kubwa ni kwamba Wanazi walizitumia baadhi ya runi hizi kama nembo zao, na wabaguzi wa Ulaya wanaendelea nazo. Ukimwona mwandishi wa leo anajaza riwaya yake watu wa kila rangi na dini, jua kuna wanaojibiwa.

Kuzipata Dar

Vitabu vipya utavikuta kwenye maduka ya vitabu ya Msasani na Masaki, kwa bei ya kuumiza. Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, inafaa zaidi kwa maandalizi. Ulizia rafu za visasili na fasihi ya kale ya Ulaya kabla hujaulizia riwaya. Wauza vitabu vya mitumba wanaotandika katikati ya mji huwa na riwaya hizi kwa msimu, mara nyingi zikiwa zimetoka kwenye shule za Kiingereza.

Kwa vya mitumba, kagua mambo matatu kabla ya kupatana bei. Namba ya mfululizo ubavuni. Kurasa za mwisho, maana faharasa ndiyo ya kwanza kung'oka. Na jina kamili ndani ya jalada, kwani toleo la Uingereza na la Marekani la kitabu kilekile huwa na majalada tofauti na jina lililopangwa tofauti, na watu hununua kitabu kimoja mara mbili. PDF zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ziache: mwandishi haambulii kitu, na herufi kama þ na ð hugeuka takataka, ukajikuta na “Porr” na “Oainn” kitabu kizima. Nakala halali ya kwenye simu ipakue nyumbani kabla bando halijaisha, na hakikisha faharasa inafunguka bila mtandao. Kitabu cha sauti kinafaa kwa matamshi, lakini kisiwe usomaji wako wa kwanza; majina usiyoyaona yameandikwa hayakai.

Ukimkuta muuzaji ana kitabu cha pili peke yake, mwachie namba yako akupigie cha kwanza kikifika. Vitabu vya pembeni vya mfululizo, kama 9 from the Nine Worlds (2018), vinunue mwisho, kwa kuwa hicho kinadhani umeshamaliza vyote vitatu.